Mwambie Ni Injini

Jioni ile Obita alikuwa amechoka kiasi cha kuichukia hata simu yake mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa Nateete, amelala chali chini ya pikapu ya muuza viazi, oili ikimdondokea shingoni, na mwenye pikapu amesimama pale pale akimfundisha kazi. Ilipofika saa kumi na moja alinawa mikono kwa petroli, akafunga mfuko wake wa spana, akawa anawaza kitu kimoja tu: kitanda chake kule Bwaise. Miaka sitini na moja si mchezo, na magoti yalikuwa yamestaafu kabla yake.

Simu ikalia.

"Fundi Obita?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. "Gari yetu iko inagonga."

Obita alishusha pumzi. Kwa watu wa Kampala kila kitu kinagonga. Springi imelegea, inagonga. Chupa ya soda inabingirika chini ya kiti, nayo inagonga, na fundi anaitwa kutoka upande wa pili wa mji. Ndiyo maana alikuwa na maswali yake, ambayo alimuuliza kila mtu kabla ya kupanda boda. Aliyapata katika karakana ya polisi, alikotengeneza magari ya wakubwa mpaka siku ya kustaafu.

"Inagonga juu ama chini ya injini?"

"Sijui, fundi."

"Ikiwa baridi ama ikishapata moto?"

"Sijui."

"Ukikanyaga mafuta, inaongeza ama inapunguza?"

"Mimi siendeshi."

"Kale, sawa. Moshi yake ni rangi gani? Bluu, hiyo ni oili inaungua. Nyeupe, maji iko inaingia. Nyeusi, petroli ni mingi."

Obita alisikia mtu akimeza mate.

"Moshi sikuona," mwanamke akasema. "Mimi nilisikia tu. Kuja na wewe usikie, bambi, tafadhali. Leo."

Alitaka kukataa. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nyumba aliyoelekezwa ilikuwa upande wa juu wa Bwaise, kule ambako mafuriko hayafiki, njiani kabisa kwenda kwake. Tena ile sauti ilikuwa imechoka kuliko yeye, na kwa siku kama ile hilo halikuwa jambo dogo. Akapanda boda shingo upande.

Geti lilifunguliwa na bibi mmoja mwembamba, mtandio mweupe kichwani, tasbihi mkononi.

"Mimi ni Hajjati Sharifah," akasema. "Gari ni ya mwanangu, Abdunoor. Aliyekupigia simu ni mke wake, Rukiah. Yeye utaongea naye kwa dirisha."

Obita alikuwa Mwacholi, Mkatoliki wa Kitgum, lakini alikuwa ameishi kambi ya polisi miaka mingi, ukuta kwa ukuta na askari Wanubi, Waislamu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwanamke asiyeonekana na wanaume wa nje, anayezungumza nyuma ya pazia, yuko eda, amefiwa na mume. Akavua kofia.

"Pole sana, Mama. Lini?"

"Huu ni mwezi wa pili." Bibi alitega sikio upande mmoja alipokuwa akisema, kama wafanyavyo watu ambao masikio yao yameanza kuwakimbia. "Ongea kwa nguvu kidogo. Sisikii vizuri."

Gari lilikuwa kwenye banda la mabati lililojengwa kuegemea ukuta wa ua. Banda halikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa bati zito, na komeo lilikuwa la nje, lile la kudondoka lenyewe mlango ukifungwa. Hajjati alisema Abdunoor alilitengeneza hivyo kwa sababu ya wezi wa betri.

Dirisha la chumba cha mjane lilitazamana na banda, hatua kumi hivi. Pazia la kahawia. Nyuma yake, kivuli.

"Asante kwa kuja, fundi," kivuli kikasema. "Kaka yangu anawasha hiyo gari kila Ijumaa isioze. Yeye anasema haigongi. Lakini kaka yangu anashona nguo."

"Basi acha mimi niangalie," Obita akasema, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza siku ile.

Alifungua mlango wa banda wazi kabisa, akauzuia kwa tofali, akainua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena. Oili ilikuwa safi, tena imejaa vizuri. Maji yalikuwepo. Alifungua plagi moja moja, zote nne, akazimulika kwa tochi ya simu. Zilikuwa na ile rangi ya biskuti ambayo kila fundi huomba kuiona. Mwenye gari hili alilipenda, Obita akajisemea. Akawasha.

Injini ilikamata mara moja.

Akachukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Wengine siku hizi wana mashine ya kuchomeka na kusoma namba, yeye alikuwa na bisibisi na sikio. Akasikiliza valvu. Akashuka kwenye silinda, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akainama kwa shida mpaka chini kabisa, zinakokaa beringi, ambako gari linalokufa hujieleza lenyewe. Akavuta waya wa mafuta, injini ikapanda, akauachia, ikashuka.

Hakuna kitu. Kwa miaka thelathini na zaidi hakuwa amesikia injini nzima namna ile. Alizima, akaenda dirishani na habari yake njema.

"Dada Rukiah, gari yako ni nzima. Haigongi hata kidogo."

Alitegemea shukrani. Kilichotoka nyuma ya pazia kilikuwa mlio mdogo, wa mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Usiseme hivyo, fundi," akanong'ona. "Nakuomba. Usiseme hivyo."

Kisha akamweleza.

"Wiki mzima alikuwa anasema, Rukiah, hii gari iko inagonga, lazima nijue ni wapi. Alikuwa anajifunza kwa simu, zile video za kutengeneza gari nyumbani. Ile jioni jirani alikuwa amefungulia redio ya nguvu. Yeye akafunga mlango ya banda, asikie injini vizuri. Mimi nilikuwa hapa, nachagua mchele. Nikasikia. Ngo, ngo, ngo. Nikasema, haya, leo amepata ugonjwa ya gari yake. Hata nilicheka, fundi."

Obita aligeuka akaangalia mlango wa banda na komeo lake la nje.

"Iligonga sana. Halafu ikagonga pole pole. Halafu ikanyamaza. Nikajua amemaliza kutengeneza. Nikapika, chakula ikawa tayari, nikaenda kumwita. Injini ilikuwa bado inanguruma. Na yeye alikuwa hapo kwa mlango, amepiga magoti."

Obita aliijua gesi ile ya injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu, haikohozi mtu. Humkata miguu kabla hajajua kama kuna hatari, na mpaka aukumbuke mlango, hawezi hata kurudi nyuma kuzima injini.

"Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu," Rukiah akasema. "Mimi nakubali. Lakini nataka kujua kitu moja tu, nilale. Ile nilisikia ilikuwa ni injini, ama ilikuwa ni mkono yake? Kama injini inagonga, basi mimi sina kosa. Kama haigongi..." Baadaye kidogo akasema, "Labda mlango ikiwa wazi haigongi. Funga, kama yeye alivyofunga. Mimi nitasikiliza kutoka hapa."

Ulikuwa upuuzi. Injini haijui kama mlango uko wazi au umefungwa. Obita alilijua hilo vizuri, na kama angekuwa na nguvu kidogo zaidi angelisema. Lakini alikuwa amechoka, na hakuwa tayari kumwambia mwanamke yule, pale pale, kwamba mumewe alikufa akibisha hodi huku yeye anacheka. Kufunga mlango kulimpa dakika moja ya kufikiri. Aliikubali kwa sababu hiyo tu.

"Dakika moja, si zaidi," akasema. Akamgeukia Hajjati. "Mama, simama hapa hapa. Nikiita, fungua haraka."

Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Obita aliingia, akaondoa tofali, akauvuta mlango. Nje, komeo likadondoka. Kla.

Giza. Aliishika tochi kwa meno, akawasha gari, akaweka bisibisi mahali pake. Injini ilipumua vile vile, laini. Nje adhana ya magharibi ilianza, msikiti wa kwanza, wa pili, wa tatu, vipaza sauti vikipokezana juu ya mabati ya Bwaise. Alianza kuhesabu sekunde. Kumi. Kumi na tano.

Ngo.

Aliganda. Akasogeza ncha ya bisibisi kwenye silinda ya tatu.

Ngo. Ngo.

Moyo wake, tuseme ukweli, uliruka kwa furaha. Inagonga! Kumbe inagonga, na mwanamke yule atalala. Akasogeza bisibisi tena, ya nne, ya pili, chini kwenye beringi. Lakini sauti haikuwa humo. Chuma kilikuwa kimya. Akaondoa mpini sikioni polepole.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilikuwa nyuma yake.

Aligeuka na tochi. Bati la mlango lilikuwa linatikisika. Lilitikisika chini, usawa wa kiuno, pale unapofika mkono wa mtu aliyepiga magoti. Na lilibonyea kwenda nje. Aliyebisha alikuwa humu ndani.

Obita aliutupia mkono ufunguo, akazima gari, akauchomoa. Injini ikanyamaza.

Mlango haukunyamaza.

Ndipo ilipokuja harufu. Haikuwa ya petroli wala ya moshi. Ilikuwa karafuu maiti, kali na baridi, ile wanayopaka maiti kabla ya kuzika. Aliukimbilia mlango kwa sababu hakukuwa na pengine pa kukimbilia, akausukuma kwa bega. Komeo lilikuwa limekaza.

"Hajjati!" Adhana ikalimeza jina. "Hajjati, fungua!"

Hakuna.

Akapiga bati kwa ngumi. Ngo, ngo, ngo! Na chini, karibu na goti lake, ikajibiwa. Ngo. Akapiga tena. Ikajibiwa tena. Zikawa zinapokezana, yake ya nguvu, ile nyingine dhaifu, na hapo ndipo akaelewa jambo lililomtia hofu kuliko harufu ile. Dirishani, hatua kumi kutoka pale, Rukiah alikuwa anasikia kila pigo. Alikuwa amekaa anasikiliza kwa makini. Na alikuwa anafurahi.

Kichwa kilianza kuzunguka. Magoti, yale magoti yake mabovu, yakaachia. Akajikuta chini, mkono wake sasa uko usawa mmoja na mkono mwingine asiouona. Tochi ilikuwa imeanguka uvunguni mwa gari.

Sikioni mwake, kutoka karibu sana, mtu akanong'ona kwa pumzi ya baridi.

"Anasikia... lakini anacheka."

Obita hakuweza hata kupiga kelele. Alipiga bati kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kwa nguvu za mwisho.

Kla.

Mlango ukafunguka na hewa ikaingia. Hajjati Sharifah alikuwa amesimama pale, mikono ikichuruzika maji ya udhu.

"Nilikuwa kwa bomba," akasema taratibu. "Tokeni nje."

Kisha akaangalia juu ya bega la Obita, ndani ya giza, akaangalia kwa muda.

"Nyie wote wawili."

Obita alitambaa mpaka uani, akakaa chini akihema. Alimtaka mama yake, ambaye alikuwa amefariki zamani. Dirishani pazia lilikuwa linacheza.

"Fundi! Nimesikia!" Rukiah alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ni ile ile! Ngo, ngo, ngo, hivyo hivyo kabisa! Ni injini, si ni injini? Sema, fundi!"

Obita akafungua mdomo. Mkono wa bibi, bado umelowa, ukamshika mkono wa shati.

"Mwambie ni injini," Hajjati akanong'ona.

"Mama, si injini. Mimi ndiye nilikuwa nagonga. Mimi na..."

"Najua ni nani. Mimi ndiye nilimzaa. Kila magharibi anabisha, na mimi, na masikio yangu haya, namsikia. Yule wa dirishani bado ni kijana. Ana miaka mingi ya kuishi. Akijua, hiyo kitu itamla. Mwambie."

Katika maisha yake yote Obita hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu injini. Wakubwa waliwahi kumtaka aandike kwamba gari zima ni bovu ili liuzwe, akakataa, na alistaafu akiwa na cheo kile kile cha chini kwa sababu hiyo. Ilikuwa ndiyo fahari pekee aliyobaki nayo. Aliinuka, akasogea karibu na dirisha, na alijisikia vibaya kabla hata hajasema.

"Ni injini, dada. Inagonga. Beringi ya silinda ya tatu imekwisha. Mtu yeyote akisikia atasema ni injini."

"Alhamdulillahi," Rukiah akasema. Akarudia, na kurudia. Kivuli kilishuka mpaka chini, na Obita akamsikia akilia kile kilio kizito cha mtu aliyetua mzigo. Naye machozi yakamlenga, asijue ni kwa huruma au kwa aibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka bandani.

"Basi kaizime, fundi," Rukiah akasema katikati ya machozi, kwa sauti nyepesi ambayo bila shaka ndiyo iliyokuwa sauti yake ya siku zote. "Nimechoka kuisikia."

Obita alitazama mkono wake. Ufunguo wa gari ulikuwa humo, umemwachia alama kiganjani kwa jinsi alivyoubana.

Hajjati aliuchukua bila kusema neno. Akavua ndala moja, akaingia bandani, akaiweka ile ndala kwenye upenyo wa mlango ili komeo lisidondoke, akauvuta mlango nyuma yake. Mapigo yakakoma.

"Imezima," Rukiah akasema. "Asante, fundi. Mungu akulipe."

Obita akaokota mfuko wake wa spana. Lakini njia ya getini ilipita kando ya banda, na kupitia upenyo ule alisikia bibi akizungumza. Hakuwa anaomba dua. Alizungumza kwa Kinubi, kwa sauti ya mama anayempokea mtoto aliyechelewa kurudi. Anauliza, ananyamaza kidogo, anaitikia, anauliza tena. Kinubi cha Obita kilikuwa cha kuokoteza kambini, na mengi yalimpita. Swali la mwisho alilielewa, kwa sababu bibi alilisema polepole, mara mbili.

Alimuuliza kama amemsamehe mke wake.

Obita alisubiri, mfuko begani, akigundua kwamba anaomba kwa Kiacholi.

Ngo!

Bati lilibonyea mpaka ndala ikaruka, ila komeo halikudondoka. Ngo! Ngo! Ngo! Sasa mapigo hayakuwa dhaifu.

"Fundi?" Kilio cha Rukiah kilikuwa kimekatika. "Fundi, si imezimwa? Hiyo sasa ni nini?"

Angeweza kuondoka. Geti lilikuwa hatua tatu mbele yake, na kitanda chake hakikuwa mbali. Obita alirudi, akaweka mfuko chini, akakaa kwenye ngazi chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Ni chuma kinapoa, dada," akasema. "Injini ikizimwa ikiwa moto, chuma hulia hivyo."

Ngo!

"Na hiyo?"

"Hiyo pia," Obita akasema. "Hiyo pia ni chuma kinapoa."